Vyuo vya Kikristo visiwavue watoto wetu kama pumbu

KILA mwaka ifikapo Desemba 1, Serikali ya Zambia hufunga uvuvi katika Ziwa Mweru na Mto Luapula hadi mwisho wa Februari, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Sisi tunaoishi kwa kununua na kuuza samaki pale Kashikishi, Nchelenge, tunaijua vizuri miezi hiyo. Sokoni hubaki chisense wa akiba, malori ya kwenda Copperbelt hupungua, na aliyezoea kutoa mkopo huanza kujificha.

Hakuna mwenye akili timamu anayepinga kufungwa kwa uvuvi. Lakini ebu msomaji tazama jambo moja. Matokeo ya mtihani wa darasa la 12 nchini Zambia kwa kawaida hutoka Januari au Februari. Yaani mtoto anakuja nyumbani na karatasi ya ushindi katika wakati ambao mfuko wa baba na mama hauna kitu. Barua ya chuo inasema lipa malipo ya awali kabla ya tarehe fulani, na tarehe hiyo inapita kabla nyavu hazijarudi majini.

Nimeanza na samaki ingawa mada yangu ya leo ni vyuo vikuu, kwa sababu huku kwetu mambo hayo mawili hayatenganishiki.

Ninachotaka kujadili ni ule utaratibu wa baadhi ya vyuo vikuu vya Kikristo kuwachagua wanafunzi wanaofanya vizuri zaidi na kuwaweka katika programu ya peke yake, yenye walezi wake, mijadala yake na majukumu yake. Waingereza na Wamarekani huiita programu ya heshima. Mimi nitaiita programu ya vinara, na nitaeleza kwa nini.

Kwa Kiswahili chetu neno heshima likikaa karibu na neno shahada huleta mkanganyiko. Shahada ya heshima tunayoisoma magazetini ni ile anayopewa rais mstaafu, askofu au tajiri aliyejenga jengo la chuo. Hiyo haina mtihani. Mwenye nayo anashukuru, anapiga picha, anarudi nyumbani.

Kuna heshima ya pili, ambayo ni daraja la shahada. Huko Kenya, Uganda na Tanzania mhitimu hupangwa daraja la kwanza, la pili la juu, la pili la chini na kuendelea. Afrika Kusini wao wamefanya heshima kuwa mwaka mzima wa masomo baada ya shahada ya kwanza. Kwa hiyo Mzambia akisema ana heshima, Mganda akisema ana heshima na mtu wa Johannesburg akisema ana heshima, kila mmoja ana kitu chake mkononi.

Heshima ya tatu ndiyo ninayoizungumzia. Mfano ulio karibu nasi ni Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, kilichopo Mukono, nje kidogo ya Kampala. Chuo hicho cha Kanisa la Anglikana kilianza mwaka 1997 juu ya msingi wa chuo cha theolojia cha Askofu Tucker kilichokuwapo tangu mwaka 1913, na mwaka 2004 kikawa chuo binafsi cha kwanza nchini humo kupata hati ya Serikali. Ndani yake kukaanzishwa chuo kidogo cha vinara. Wanafunzi wenye alama za juu na dalili za uongozi huchaguliwa kutoka fani mbalimbali, hulelewa pamoja, na hutazamiwa kuwa mfano kwa wenzao katika masomo na tabia.

Naomba nieleweke mapema. Mimi si mpinzani wa utaratibu huo. Wapo wanaosema kwamba chuo cha Kikristo hakipaswi kuwatenga wachache na kuwakweza, kwa kuwa mbele za Mungu wote ni sawa. Hoja hiyo inasikika vizuri kanisani, lakini haijibu swali la darasani.

Nilishika chaki kwa miaka kadhaa kabla ya kuingia kwenye biashara ya samaki. Kila mwalimu anajua kwamba mtoto mwenye kasi kubwa akikaa bure atachoka, atakuwa mtundu au ataacha. Mkulima akiona mche mmoja wa muhogo umestawi kuliko mingine, haukati ili ulingane na mingine. Anachukua vipando vyake akapande shamba zima.

Hata katika Maandiko, mfano wa talanta haukusema kwamba kila mtumishi alipewa kiasi kilekile. Ulichosema ni kwamba kila mmoja atadaiwa hesabu ya alichopewa. Msomaji Mwislamu naye anaijua habari ya amana, na wafanyabiashara wenzangu wanaotoka Kigoma wanalielewa jambo hili bila kuhubiriwa.

Tatizo langu basi haliko kwenye kuwepo kwa vinara. Liko kwenye swali la nani anaitwa kinara, nani anamwita, na akishaitwa anakwenda wapi.

Mwambao wa Mweru si sawa na mji wa kawaida. Upande huu tuna Nchelenge na Chiengi, Zambia. Upande ule kuna Kilwa na Pweto, Congo. Ni maji mamoja, samaki wale wale, na mara nyingi ukoo mmoja. Lakini vita imetusukuma huku na huku kama takataka za ufukweni.

Desemba 2000 Pweto ilipoanguka mikononi mwa waasi na wanajeshi wa Rwanda, watu walivuka kwa maelfu kuingia Zambia. Makambi ya Kala, wilayani Kawambwa, na Mwange, wilayani Mporokoso, yakajaa. Kati ya mwaka 2007 na 2010 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likawarejesha makumi ya maelfu. Mimi nilirejea Pweto mwaka 2008, kisha biashara ikanivuta tena Kashikishi. Kuanzia Agosti 2017 mapigano katika Haut-Katanga na Tanganyika yakaleta wimbi jingine, na Januari 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa hapahapa wilayani Nchelenge, ambako watoto wa wakimbizi na wa wenyeji wanakaa dawati moja.

Sasa mchukue mtoto aliyezaliwa ndani ya historia hiyo. Ameanza kusoma kwa Kifaransa, akahamia Kiingereza, nyumbani anazungumza Kiswahili, uwanjani anacheza kwa Kibemba. Mwaka wa shule wa Congo unaanza Septemba, wa Zambia unaanza Januari. Kila anapovuka ziwa anapoteza miezi, na mara nyingine anarudishwa darasa si kwa ujinga wake bali kwa sababu ya kalenda.

Halafu kuna suala la alama. Congo hupima mtihani wa Taifa kwa asilimia. Aliyepata 50 amefaulu, na aliyefika 65 au 68 familia inachinja kuku. Zambia hupima kwa namba kutoka 1 hadi 9, ambapo 1 ndiyo bora na 9 ndiyo kushindwa, na chuo kikuu kwa kawaida kinataka masomo matano yenye 6 au pungufu ya hapo, Kiingereza kikiwemo. Mzani mmoja unapanda ukifanya vizuri, mwingine unashuka.

Mpwa wangu alimaliza sekondari Pweto na kupata asilimia 68. Alipopeleka karatasi zake katika chuo kimoja, ambacho sitakitaja, karani alitazama 68 akasema kijana huyu ni wa wastani. Aliuliza Kiingereza chake kiko wapi. Kijana akajibu kwamba Kiingereza alijifunza akiwa Zambia kama mkimbizi, lakini cheti alikipata Congo kama raia. Karani akafunga faili.

Kijana yule anajua lugha nne, amesoma chini ya mifumo miwili, na amelea wadogo zake watatu mama yao alipokuwa anavusha sabuni na chumvi. Ninauliza, kama huyo si kinara, kinara ni nani? Ni yule aliyesoma shule moja ya bweni tangu darasa la kwanza, mwenye umeme wa uhakika na mwalimu wa ziada?

Sisemi yule wa bweni hastahili. Alama zake ni jasho lake. Ninachosema ni kwamba ukiwapima wakimbiaji wawili kwa kutazama mahali walipofika tu, bila kuuliza kila mmoja alianzia wapi, hujapima mbio.

Wazee wa Luapula wana habari inayofaa sana hapa, nayo ni habari ya samaki aitwaye pumbu. Zamani, mvua zikianza, pumbu walipanda mto Luapula kwa wingi kwenda kutaga. Walikuwa wanene, wamejaa mayai, na mayai yenyewe yalikuwa mali. Wavuvi waliwasubiri njiani. Wafanyabiashara wa Kigiriki pale Kasenga walinunua samaki na kuwapeleka Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, wakalishe wafanyakazi wa migodi. Upande wa Rhodesia nao walivua kwa ajili ya miji ya Copperbelt.

Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1940, ule msafara wa pumbu ulikwisha. Ziwa halikukauka na mvua haikukosekana. Walichukuliwa walio bora, katika wakati wa kuzaa, wakapelekwa mbali kulisha miji, na hakuna kilichorudishwa mtoni.

Ndivyo ninavyoogopa tutakavyofanya na watoto wetu. Mwambao wetu huzaa vinara wachache kila mwaka. Wanapanda kwenda Ndola, Kalulushi, Lusaka, Lubumbashi au Mukono. Wanang'arishwa, wanapewa cheti chenye maneno mazuri, kisha miji inawameza. Zahanati ya kijijini inabaki na foleni, shule inabaki na mwalimu mmoja kwa madarasa matatu.

Mtu atasema, kijana ana haki ya kuishi atakako. Ni kweli, na mimi mwenyewe nimeishi kwa kuvuka mipaka. Lakini chuo kinachojiita cha Kikristo kina haki ya kumdai kinara wake zaidi ya alama. Kama hakimdai chochote, basi kinatofautianaje na chuo cha biashara kilichobandika msalaba kwenye lango?

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kule Mbereshi, bonde la Luapula, misheni ya London ilianza mwaka 1900. Mwaka 1915 akaja mmisionari mmoja mwanamke, Mabel Shaw, akaanzisha shule ya bweni ya wasichana, ya kwanza ya aina yake katika Rhodesia ya Kaskazini. Alikaa hapo takriban robo karne. Wakati huo kumpeleka binti shule kulionekana kupoteza mahari.

Shule ile haikukosa kasoro. Ilikuwa na mawazo ya kikoloni ya wakati wake kuhusu nani anamfundisha nani. Lakini iliwachukua mabinti ambao hakuna aliyewaita vinara, ikawapanga waishi kwa mfano wa kijiji, wakubwa wakiwalea wadogo, na wengi wakarudi kuwa walimu na wauguzi katika nchi yao. Hadi leo pale Mbereshi ipo shule ya sekondari yenye jina lake.

Somo ninalolipata pale ni kwamba kinara anaweza kupatikana mahali ambapo hakuna orodha ya vinara. Inatakiwa mtu aende akamtafute.

Leo Zambia ina vyuo vikuu vya Kikristo vya kutosha kuifanya kazi hiyo. Wakatoliki wana chuo kikuu Kalulushi, Waadventista wana Rusangu huko Monze, na Northrise ipo Ndola. Nchi yenyewe ilitangazwa kuwa taifa la Kikristo na Rais Frederick Chiluba Desemba 29, 1991, na tamko hilo likaingizwa katika utangulizi wa Katiba mwaka 1996. Tamko bila matendo ni kama ngoma isiyo na ngozi. Mtoto wa mwambao ndiye kipimo kimojawapo cha matendo hayo.

Kwa upande wa sekondari Serikali imejitahidi. Tangu Januari 2022 ada ya sekondari katika shule za umma imefutwa. Mwaka huohuo mfuko wa maendeleo ya majimbo uliongezwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo, na sehemu yake hulipia wanafunzi wa bweni na mafunzo ya ufundi. Matokeo yake ni kwamba watoto wengi zaidi watamaliza darasa la 12. Swali ni kwamba wakimaliza, mlango unaofuata uko wapi?

Kwa mkimbizi swali hilo ni zito zaidi. Mwaka 2019 shirika la wakimbizi lilieleza kwamba duniani kote ni asilimia 3 tu ya vijana wakimbizi waliokuwa katika elimu ya juu, likaweka lengo la kufikia asilimia 15 ifikapo mwaka 2030. Upo ufadhili wa Ujerumani uitwao DAFI, ulioanza mwaka 1992, ambao umewapeleka maelfu ya vijana vyuoni. Ni msaada mkubwa, lakini ndoo moja haizimi moto wa kijiji.

Kwa hiyo nina mapendekezo matano kwa vyuo vya Kikristo vyenye programu ya vinara au vinavyofikiria kuianzisha.

Kwanza, wanaochagua watazame mwendo, si kituo peke yake. Barua ya mwalimu mkuu ieleze mtoto alihama shule mara ngapi, alipoteza miaka mingapi, na alikuwa wa ngapi katika darasa lake. Aliyekuwa wa kwanza Mantapala au Pweto asipimwe kwa kulinganishwa na wa kumi wa shule ya kifahari kana kwamba walikula meza moja.

Pili, wajifunze kuzisoma karatasi za ng'ambo. Zambia ina mamlaka yake ya kutathmini sifa za kitaaluma, ZAQA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na kazi yake mojawapo ni kueleza cheti cha nje kinalingana na nini hapa. Chuo kisimwachie karani wa mapokezi kazi hiyo. Nako Congo mambo yamebadilika. Zamani mtu alisoma gradua miaka mitatu kisha lisansi miaka miwili. Tangu mwaka wa masomo 2021/2022 wameingia mfumo mpya, lisansi miaka mitatu, masta miwili na udaktari mitatu. Neno lisansi la leo si lisansi ya jana, na mwajiri asiyejua hilo atamdhulumu mtu.

Tatu, lugha isiwe ukuta. Kijana aliyemudu Kifaransa, Kiswahili na Kibemba atamudu Kiingereza akipewa miezi sita ya kufundishwa vizuri. Apokelewe kwa masharti, afundishwe, kisha apimwe. Chuo kitapata mtu anayeweza kuzungumza na nusu ya Afrika.

Nne, tarehe ya malipo iangalie ziwa. Chuo kinachopokea watoto wa Nchelenge na Chiengi kinaweza kuruhusu malipo ya awali yalipwe Aprili, mwezi mmoja baada ya uvuvi kufunguliwa Machi 1. Hii haihitaji mfadhili wala kikao cha maaskofu. Inahitaji mhasibu mmoja mwenye huruma na kalenda ukutani.

Tano, na hili ndilo kubwa, kinara adaiwe. Kila likizo ndefu arudi mwambaoni kufundisha hesabu na sayansi kwa wiki kadhaa, au kusaidia hospitali ya misheni ya St Paul's pale Kashikishi, au kuandika hesabu za vikundi vya akina mama wauza samaki. Akimaliza, atoe miaka miwili mahali palipomtoa. Na chuo kimlipie nauli. Atokaye Nchelenge kwenda Copperbelt kwa njia ya mkato hupita Mansa, huvuka daraja la Chembe lililofunguliwa mwaka 2008, hukata ardhi ya Congo kwa takriban kilomita 70, ndipo aingie Zambia tena upande wa Mufulira. Safari hiyo si ya bure, na haifai kumwambia mtoto wa mvuvi arudi kutumikia kwa gharama zake.

Nikishavisema vyuo, ni haki nituseme na sisi wenyewe.

Ndugu zangu wafanyabiashara, tunajua kukagua gunia la chisense kwa kutia mkono hadi chini kuona kama limechanganywa na mchanga. Lakini tunapeleka fedha za ada kwa mtu tuliyekutana naye kwenye basi, kwa sababu amevaa tai na ametaja jina la Yesu mara tatu. Kabla ya kulipa senti moja, uliza kama chuo kimesajiliwa na mamlaka ya elimu ya juu ya nchi husika. Uliza ada ya mwaka mzima, si ya muhula wa kwanza tu. Uliza kama hiyo nafasi ya kinara inapunguza ada au inaongeza sifa tu. Majibu yawe kwenye karatasi yenye muhuri.

Mliorejea kutoka makambini, tunzeni karatasi. Cheti cha kuzaliwa, ripoti za shule, kadi ya mkimbizi hata kama muda wake umepita, vyote vifungwe kwenye nailoni visipate maji ya mtumbwi. Cheti cha Kifaransa kitafutiwe tafsiri iliyothibitishwa mapema, mtoto akiwa bado darasani. Wengi wetu huanza kuhangaika wiki mbili kabla ya chuo kufungua, na hapo ndipo walanguzi hutukamata.

Na tuwatazame mabinti. Mara nyingi fedha zikiwa za mmoja, tunamtuma mvulana, na binti mwenye alama bora kuliko kaka yake anabaki kuanika samaki. Halafu tunalalamika kwamba vyuo vinabagua. Ubaguzi wa kwanza umefanyika sebuleni kwetu.

Kuna mwenzangu sokoni aliyeniambia kwamba haya yote ni ndoto, kwamba mtoto wa mvuvi atosheke na cheti cha ufundi. Sidharau ufundi. Fundi wa injini za boti pale Nchelenge anakula vizuri kuliko walimu wengi. Lakini kumwambia mtoto wa mwambao kwamba ufundi ndio mwisho wake, wakati mtoto wa mji anaulizwa anataka kuwa nani, ni kumfungia ziwa mwaka mzima.

Ninawaomba maaskofu, wachungaji na wakuu wa vyuo vya Kikristo watume watu Nchelenge, Chiengi, Kilwa na Pweto. Wasije na mabango. Waje na mtu anayesoma Kifaransa na Kiingereza, akae na walimu wakuu, afungue madaftari ya wanafunzi, aulize nani darasani hapa huwaeleza wenzake somo mwalimu akitoka. Kila darasa lina mtoto wa namna hiyo, na wenzake wanamjua kwa jina.

Machi itafika na nyavu zitarudi majini. Mzazi mwenye barua ya chuo mkononi aende akaulize sasa, wala asingoje, kama atakubaliwa kulipa wakati huo. Na chuo kitakachomjibu ndiyo, sisi wa sokoni tutakitangaza bila malipo kutoka Kashikishi hadi Pweto.